Utomvu Unaoulaani Ndio Uliong'arisha Magari ya Kwanza

Wasee, hii ya leo ni ya kila mtu aliyewahi kutafuta kivuli cha mti ndio gari lisichomeke, halafu akirudi anapata boneti imejaa matone yanayonata. Unagusa, kidole kinashika. Unafuta na kitambaa, tone linasambaa. Unaachilia mpaka Jumamosi, na ikifika hiyo Jumamosi limekuwa gumu kama kioo, na kijana wa kuosha magari anakuangalia kwa huruma: "Boss, hii imekula klia." Kutoka siku hiyo mti unakuwa adui. Mtu anauliza kwa nini usikatwe tu, yaishe.

Mimi naomba kuutetea huo mti, na wakili wangu ni historia. Manake kuna kitu wengi wetu hatukufundishwa shuleni: kabla ya viwanda vya kemikali, mng'ao wa magari ya kifahari ulitoka kwa utomvu wa miti. Yaani utomvu wenyewe, ukiwa umeyeyushwa na kupakwa. Na aina iliyosifiwa sana kwa ugumu wake ilichimbwa huku kwetu, Pwani ya Afrika Mashariki, ikapitia Zanzibar, ikavuka bahari hadi mji mmoja wa bandari Marekani unaoitwa Salem.

Jina lake ni sandarusi. Kama hujawahi kulisikia, hilo nalo ni sehemu ya hadithi.

Kwanza, hicho kinachonata ni nini?

Tukisema "utomvu" huwa tunachanganya vitu vitatu.

Cha kwanza ni maji ya sukari yanayotembea ndani ya mti kubeba chakula. Hayo yakidondoka ni mepesi, na maji ya uvuguvugu na sabuni huyatoa.

Cha pili si cha mti kabisa. Kuna wadudu wadogo wanaoitwa vidukari, na jamaa zao, wanaofyonza hayo maji ya sukari kwenye majani kisha wanaachilia ziada. Ukipaki chini ya mjakaranda na upate gari zima lina vitone vidogo vya kunata kama soda iliyomwagika, mara nyingi mti hauna makosa. Hiyo ni choo ya wadudu. Samahani, lakini ndio ukweli.

Cha tatu ndicho chenye kesi: resini. Miti kama msonobari na saiprasi ikiumizwa, hutoa maji mazito yenye harufu kali ili kuziba kidonda. Resini humfunga mdudu anayetaka kuingia, huzuia ukungu, kisha hukauka na kuwa kovu gumu. Kwa mti ni bandeji.

Sasa fikiria hiyo bandeji ikiangukia gari lako saa sita mchana. Tabaka la juu la rangi ya gari, lile lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida lina unene wa kama mikroni 40 au 50. Unywele mmoja wa kichwa chako huenda ni mnene kuliko hilo. Jua linapasha bati moto, klia inalainika kidogo, na resini ikiwa bado mbichi ina mafuta yanayoweza kupenya. Usiku bati linapoa, resini inakauka na kujikunja, na inavuta klia pamoja nayo. Siku chache za mzunguko huo na umebaki na alama ya duara ambayo hata ukiosha haitoki.

Lakini hebu angalia sifa za huyo mshtakiwa. Anashika vizuri kwenye bati na mbao. Akikauka ni mgumu. Anang'aa. Maji hayampiti. Ukimpelekea mtengenezaji wa vanishi wa karne ya 19 orodha hiyo, angekuuliza unauza kilo bei gani.

Sandarusi

Mti wenyewe unaitwa msandarusi, na wanasayansi huuita Hymenaea verrucosa. Unaota kwenye misitu ya Pwani kuanzia Kenya, unapitia Tanzania hadi Msumbiji, na pia upo Madagaska. Ukijeruhiwa, unatoa resini nyingi inayoganda kwenye gome au kudondoka chini. Resini inafunikwa na majani, kisha mchanga. Mti unazeeka, unakufa, unaoza. Resini haiozi. Inabaki ardhini mwaka baada ya mwaka, ile sehemu inayonukia inapotea polepole, na kinachobaki kinazidi kuwa kigumu. Wachimbaji waliipata hata kwenye maeneo ambayo hakuna tena msandarusi hata mmoja uliosimama.

Kwa hivyo sandarusi haikuwa kitu kimoja. Ile iliyotolewa moja kwa moja kwa mti ilikuwa laini na ya bei ya chini. Ile iliyokuwa imezikwa juujuu, ambayo haijakomaa, iliitwa chakazi. Wafanyabiashara wa kizungu pale Zanzibar walishindwa kutamka hilo neno, wakaligeuza kuwa "jackass", yaani punda dume. Hadi kwenye maandishi ya biashara ya wakati huo utapata sandarusi ya punda. Chakazi haikupendwa na Wazungu, ilipelekwa zaidi Bombay na China. Ile ya daraja la kwanza ndiyo iliyochimbwa kutoka ardhini ikiwa imekomaa kabisa. Ukiiosha, uso wake unaonyesha vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hivyo vipele ndivyo vilikuwa cheti chake cha ubora.

Na ndiyo, wakati mwingine ndani yake kulikuwa na mdudu aliyenaswa, mzima mzima mpaka mabawa, kama kwenye ile filamu ya dinosaria. Tofauti ni kwamba sandarusi bado ni changa ukiilinganisha na kaharabu ya mamilioni ya miaka. Hakuna dinosaria humo. Pole.

Waliochimba walikuwa watu wa Mrima, ile pwani ya Tanzania ya leo inayotazamana na Zanzibar, na Wazaramo wanatajwa sana. Walingoja mvua ilainishe ardhi, wakatoka na majembe mafupi, wakachimba mashimo madogo madogo. Unachimba hapa, hupati, unasonga pale. Richard Burton, yule Mwingereza aliyepita huko mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kurasa kadhaa kuhusu kazi hiyo katika kitabu chake cha 1860. Kama kawaida yake aliwaandika wenyeji kwa dharau. Lakini soma kwa makini kile anachoeleza na utaona watu wanaojua kazi yao: wanatambua udongo unaofaa, wanatambua kilichoiva na kisichoiva, na wana jina la kila daraja. Huo ni ujuzi. Aliyeuandika hakuuita hivyo, basi.

Na hapa tusiipake historia vanishi. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa soko kubwa la watumwa. Meli zilizobeba sandarusi zilibeba pia pembe za ndovu zilizofika Pwani mabegani mwa watu, wengine wakiwa huru na wengine wakiwa hawana hiari. Biashara hiyo haikuwa safi. Ninachosema ni kwamba ilikuwepo, ilikuwa kubwa, na sisi tulikuwa ndani yake.

Neno moja kabatini kwa nyanya

Ukitaka ushahidi wa hiyo biashara, usiende makumbusho. Enda kwa lugha. Kwa nini kitambaa cheupe cha pamba, kile kigumu kisichopaushwa, kinaitwa merikani? Kwa sababu kilitoka Marekani.

Mwaka 1833, Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, aliweka mkataba wa biashara na serikali ya Marekani, ambayo mjumbe wake alikuwa Edmund Roberts. Mwaka 1837 Wamarekani wakafungua ofisi ya konseli Zanzibar, na konseli wa kwanza, Richard Waters, alitoka Salem, jimbo la Massachusetts. Leo Salem inajulikana kwa zile kesi za wachawi za mwaka 1692, lakini miaka ya 1830 na 1840 wafanyabiashara wake ndio waliotawala biashara ya Marekani na Zanzibar. Meli zao zilileta pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya kwao. Zilirudi na pembe, ngozi na sandarusi. Merikani ilipendwa hadi ikawa kama pesa kwenye njia za misafara ya bara.

Sandarusi ilifika Salem ikiwa na ganda la mchanga na uchafu, na huko kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Baada ya hapo ikaenda kwa watengenezaji wa vanishi. Kazi yao ilikuwa hatari na ya siri kubwa. Resini ngumu ya aina hii haiyeyuki kwa urahisi. Unaipasha moto kwenye sufuria kubwa hadi joto linapita nyuzi 300 za Selsiasi, inatoa moshi mkali, kisha unaichanganya na mafuta moto ya mbegu za kitani. Ukikosea dakika, sufuria inashika moto. Ikipoa kidogo unaizimua kwa tapentaini.

Na tapentaini ni nini? Ni mafuta yanayopatikana kwa kuchemsha resini ya msonobari na kuutega mvuke wake. Yaani utomvu wa Pwani yetu ulifunguliwa kwa utomvu wa mti mwingine. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa walikuwa sahihi kikemia.

Matokeo yalikuwa kimiminika cha rangi ya asali. Kikipakwa kwenye gari la farasi, tabaka juu ya tabaka, kikasuguliwa kwa unga wa jiwe jepesi la volkano na kupakwa tena, kilitoa uso unaoweza kujitazama ndani yake. Vanishi ya magari ya farasi ilihitaji resini ngumu kuliko ya samani, kwa sababu gari hupigwa na jua, mvua, matope na mkojo wa farasi. Ndiyo maana sandarusi ya Zanzibar iliheshimiwa. Matajiri wa kule walipopita barabarani waking'ara, sehemu ya kung'ara kwao ilikuwa kidonda cha mti wa Mrima.

Gari linakuja, na rangi inakuwa foleni

Karl Benz alipata hataza ya gari lake mwaka 1886. Magari ya kwanza yalikuwa, kwa umbo na kwa mafundi, magari ya farasi yaliyoondolewa farasi. Bodi zilitengenezwa na karakana zile zile, na zikapakwa vanishi zile zile. Kufikia hapo resini ilikuwa inatoka sehemu nyingi: Zanzibar, Sierra Leone, na baadaye kwa wingi Kongo, ambako wanavijiji waliitafuta kwenye misitu ya mabwawa chini ya utawala wa Ubelgiji. New Zealand walikuwa na resini ya mti wa kauri, iliyochimbwa ardhini kama yetu. Kati ya 1850 na 1900 hiyo ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu iliyosafirishwa kutoka Auckland. Dunia nzima ilikuwa inachimba vidonda vya miti vilivyokauka.

Shida ilikuwa muda. Vanishi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa polepole sana. Tabaka moja, ngoja. Sugua, ngoja. Kumaliza gari moja kungechukua wiki kadhaa. Kama unatengeneza magari 50 kwa mwaka, sawa. Lakini mwaka 1913 Henry Ford aliweka mkanda wa kuunganishia magari, na muda wa kuunganisha chasisi ya Model T ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama dakika 93. Hebu fikiria: gari linaunganishwa kwa saa moja na nusu, halafu linakaa foleni wiki nzima likingoja rangi ikauke.

Suluhisho la Ford ni hadithi unayoijua nusu. Kuanzia 1914 hadi 1925 Model T zilitoka nyeusi tu, ingawa mwanzoni zilikuwa na rangi nyingine kama kijani, nyekundu na kijivu. Ile nyeusi ilikuwa ya bei nafuu na ya kudumu, mchanganyiko wa lami ya asili na mafuta ya kitani, uliokaushwa kwenye tanuri. Jina lake la kibiashara lilikuwa "japan". Kwa nini Japani? Kwa sababu Wazungu walikuwa wakijaribu kuiga vyombo vyeusi vinavyong'aa vya Asia ya Mashariki. Na vile vyombo vilipakwa nini? Utomvu wa mti. Kokote unakochimba kwenye hii historia, unakutana na mti.

Kisha ikaja ajali ya kiwandani. Kampuni ya DuPont ilikuwa imetengeneza baruti nyingi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kemia ya baruti hiyo ni selulosi ya pamba iliyotibiwa kwa asidi ya nitriki. Kemia hiyo hiyo ilitumika kutengeneza filamu za sinema. Mwaka 1920, kwenye kiwanda chao cha Parlin, New Jersey, mchanganyiko mmoja ulioachwa kwenye joto ulikutwa umekuwa mwepesi kama sharubati. Wakagundua kwamba wepesi huo unaruhusu kuweka rangi nyingi ndani yake na kuupuliza kwa bunduki ya hewa. Wakauita Duco. Mwaka 1923 General Motors walionyesha gari la Oakland la rangi ya buluu lililopakwa Duco, la mwaka wa mauzo wa 1924. Rangi iliyochukua wiki sasa ilichukua saa. Ndipo magari yakaanza kuja kwa rangi za kuchagua kwa bei ya mtu wa kawaida.

Vanishi za resini zikaanza kushuka. Zikaja rangi za alkidi, miaka ya 1950 zikaja akriliki, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 ukaenea mtindo wa leo: rangi chini, klia juu. Ule mng'ao uliotoka mtini sasa unatoka kiwandani. Na ndiyo maana utomvu ukiangukia gari siku hizi tunauita uchafu. Miaka 150 iliyopita tungeuita malighafi.

Duco haijafa, iko jua kali

Kama unadhani hii ni historia ya mbali, tembelea karakana yoyote ya kupiga rangi mtaani. Fundi atakuuliza swali moja: "Unataka NC ama 2K?" NC ni kifupi cha nitroselulosi. Ni kemia ile ile ya Duco, ikiwa na zaidi ya miaka 100. Inakauka kwa thina kuruka hewani, kwa hivyo ukiirudishia thina hata baada ya mwaka mmoja, inayeyuka tena. 2K inachanganywa na hadena, na vitu viwili hivyo vinashikana kikemia kabisa, kwa hivyo haiyeyuki kirahisi.

Hii tofauti inakuhusu moja kwa moja ukipata utomvu kwenye gari. Magari mengi ya mitumba hapa Kenya yamewahi kupigwa rangi upya sehemu fulani, na hujui ni NC ama 2K. Kijana akikuambia "tupake thina kidogo itoke," anaweza kuutoa utomvu pamoja na rangi ya mlango mzima.

Kwa hivyo fanya hivi. Usikwaruze, hata kwa kucha, na wembe usiuguse. Osha sehemu hiyo kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya gari ili mchanga utoke, manake mchanga ndio unaochora mistari. Kama ni sukari ya wadudu, itaishia hapo. Kama ni resini iliyokauka, chukua kitambaa laini, kilowanishe kwa spiriti ya duka la dawa, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha kilaze juu ya tone kwa kama nusu dakika mpaka lilainike. Futa taratibu bila kukandamiza, rudia, suuza kwa maji, halafu paka nta, kwa sababu spiriti huondoa ile iliyokuwepo. Fanya kazi hii kivulini, bati likiwa limepoa. Petroli, thina na waya wa kusugulia sufuria viache vikae vilipo. Na kama alama imebaki baada ya utomvu kutoka, hiyo ni klia iliyoumia. Hapo polishi ya fundi anayejua kazi inaweza kusaidia, mradi klia iwe bado ipo.

Zaidi ya yote, toa utomvu siku ile ile. Resini mbichi ni kazi ya dakika tano.

Sasa, kwa nini naleta haya yote?

Kwa sababu kuna kampuni moja ya Marekani inayonikosesha usingizi. Mizizi yake iko Boston, mwaka 1806, kwenye duka la rangi. Baadaye, chini ya familia ya Valentine, ikajulikana kwa vanishi za magari ya farasi. Mwaka 1906 ikatoa vanishi yenye jina Valspar. Farasi wakaisha, kampuni ikabaki. Resini za miti zikaisha, kampuni ikabaki. Mwaka 2017 ilinunuliwa na Sherwin-Williams kwa takriban dola bilioni 11.

Linganisha na mchimbaji wa Mrima. Biashara yake ilikuwa inafifia hata kabla ya Duco. Mpira wa mwituni ulianza kulipa zaidi, Wajerumani waliotawala Tanganyika wakaanza kutenga misitu na kuwafungia wenyeji, na resini za nchi nyingine zikajaza soko. Soko lilipokufa, hakubaki na kiwanda, wala fomula, wala jina kwenye kopo. Alibaki na jembe na shimo.

Najua mtu atasema: hata kama vanishi ingetengenezewa Bagamoyo, si Duco ingeimaliza tu? Labda bidhaa ingekufa. Lakini anayejua kutengeneza hubadilisha malighafi na kuendelea. Alianza na resini, akaenda alkidi, akaenda akriliki, kwa sababu alichokuwa nacho hasa ni ujuzi wa kuufanya uso ung'ae. Anayeuza ghafi anafungwa na kitu kimoja, na siku kitu hicho kikikosa mnunuzi, anaanza upya na mikono mitupu. Hapo ndipo hasara yetu ilipo. Bei ndogo ya kilo ilikuwa kasoro tu. Kikubwa kilichotupita ni kile kilichofundishwa kwenye zile sufuria.

Na bado tunafanya. Chai yetu nyingi hupita mnada wa Mombasa ikiwa kwa magunia, ikachanganywe na kupewa jina nchi nyingine. Kaskazini, kuanzia Turkana hadi Mandera, watu wanakusanya gundi ya migunga, ubani na manemane, utomvu wa miti kabisa, na sehemu kubwa huondoka nchini ikiwa ghafi. Gundi hiyo ya migunga ndiyo inayotumika kwenye soda, peremende na wino. Ni hadithi ya sandarusi, msimu wa pili, na wengi wetu hata hatujui kwamba inaendelea.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mti wa parking usikatwe kwa sababu ya klia ya mikroni 50. Nunua spiriti, osha gari, endelea na maisha. Hasira iliyobaki ielekeze mahali panapostahili: muulize mbunge wako, muulize mwalimu wako wa kemia, jiulize wewe uliye chuo unasomea kemia ya viwanda, ni nani hapa anajifunza kutengeneza kitu kutokana na vile vinavyodondoka kwenye miti yetu.

Na kama una nyanya au babu Pwani, Kwale ama Tanga, mpigie leo umuulize sandarusi ni nini. Akikumbuka, muulize walikuwa wanaitumia kwa nini, na mti wake uko wapi. Andika anachosema. Burton aliandika yake, na tukimwachia yeye peke yake, tutabaki na punda.